Ishara za Seli na Ukuaji wa Niuroni Katika Ubongo wa Mamalia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa biolojia na udaktari, watu wa maabara wanaootesha seli, na wazazi waliotoka kliniki na karatasi yenye maneno magumu. Majina ya jeni na protini tumeyaacha kwa vifupisho vyake vya kimataifa, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye chupa na kwenye majibu ya vipimo.

Njia ya ishara ni kitu gani hasa?

Ni mlolongo wa protini unaobeba habari kutoka nje ya seli hadi kwenye jeni zake. Seli moja inatoa protini, protini hiyo inanasa kwenye kipokezi kilicho juu ya utando wa seli jirani, kipokezi kinabadilika umbo na kuamsha protini nyingine ndani. Mwisho wa safari kuna protini inayoingia kwenye kiini na kuwasha au kuzima jeni.

Kinachoshangaza wengi ni uchache wa njia zenyewe. SHH, WNT, BMP, FGF, NOTCH na asidi ya retinoiki inayotokana na vitamini A ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi, na hizo hizo ndizo zinazounda vidole, utumbo na moyo. Hakuna ishara maalumu ya kuiambia seli iwe ubongo. Jibu la seli linategemea imepata ishara kiasi gani, kwa muda gani, na jeni zipi zilikuwa zimeshafunguliwa wakati huo. Ukisoma mahali kwamba WNT hufanya seli tangulizi (zile zitakazozaa niuroni) zigawanyike, na kwingine kwamba hufanya ziwe niuroni, yaani seli za neva, usidhani mmoja kakosea. Uliza kwanza umri wa kiinitete.

Seli za kwanza za mfumo wa neva zinatoka wapi?

Kwa binadamu, wiki ya tatu baada ya utungisho, tabaka la nje la kiinitete linagawanyika njia mbili: ngozi na bamba la neva. BMP ndiyo inayosukuma seli kuelekea ngozi. Ili bamba la neva lipatikane, BMP lazima izuiwe, na kazi hiyo hufanywa na protini kama Noggin na Chordin zinazoidaka nje ya seli kabla haijafika kwenye kipokezi. Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold walionyesha kwa viinitete vya salamanda kwamba kipande kidogo cha tishu kikipandikizwa upande wa tumbo wa kiinitete kingine kinaanzisha mwili wa pili wenye mfumo wake wa neva. Ilichukua karibu miaka 70 kujua kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya kipande kile ni kuzuia BMP tu.

Maabara za leo zinatumia kanuni hiyo hiyo. Tangu mwaka 2009 njia iliyozoeleka ya kugeuza seli shina za binadamu kuwa seli tangulizi za neva ni kuzuia matawi mawili ya ishara kwa pamoja, la BMP na la protini ya jamii yake iitwayo TGF-β. Kwa kawaida hutumika kizuizi cha BMP, LDN-193189 nanomola 100, pamoja na kizuizi cha TGF-β, SB431542 mikromola 10.

Inawezekanaje SHH, protini moja tu, itoe aina nyingi za niuroni?

SHH, iliyopewa jina la kalunguyeye wa mchezo wa video, hutolewa kwanza na notokodi, kamba ya seli iliyo chini ya mrija wa neva, yaani bamba la neva lililokwisha kujikunja. Baadaye sakafu ya mrija wenyewe nayo huanza kuitoa. Inasambaa kuelekea juu huku ikipungua, na wakati huo BMP na WNT zinashuka kutoka darini. Kwa hiyo kila seli iko mahali penye mchanganyiko wake.

Katika ugwe mgongo unaokua, seli zilizo jirani kabisa na sakafu huwasha NKX2-2 na kuzaa niuroni za kundi la V3. Zinazofuata juu yake huwasha OLIG2 na kuwa niuroni za mwendo, zile zinazoamrisha misuli. Juu zaidi, penye SHH kidogo, PAX6 na IRX3 ndizo zinazotawala na niuroni zinazotoka ni za kuunganisha. Katika vipande vya tishu za kiinitete cha kuku vilivyooteshwa maabara, kuongeza SHH mara mbili au tatu kulitosha kuhamisha seli kutoka kundi moja hadi jingine. Mipaka haichanganyikani kwa sababu protini za kundi moja huzima jeni za kundi la jirani.

Muda nao unahesabiwa. Seli inayopata SHH huanza kutengeneza PTCH1 kwa wingi, na PTCH1 ndiyo kipokezi kinachoifunga njia. Maana yake ni kwamba seli inazidi kuwa nzito wa kusikia kadiri muda unavyopita. OLIG2 hutangulia kuwaka, halafu NKX2-2 huwaka katika zile tu zilizoendelea kupata dozi kubwa kwa muda mrefu. Ukikatiza ishara mapema utapata niuroni za mwendo mahali ulipotarajia V3.

Ndani ya seli mambo yanakwenda hivi. Pasipo SHH, PTCH1 inaikandamiza protini iitwayo SMO, na protini za GLI hukatwa na kuwa vizima-jeni. SHH ikifika, PTCH1 inaachia, SMO inaingia kwenye siliamu, yaani kijinywele kimoja kinachochomoza juu ya seli, na GLI zinabaki nzima na kuwasha jeni. Kwa mamalia siliamu hiyo haina mbadala. Ndiyo sababu magonjwa ya kurithi ya siliamu mara nyingi huja na hitilafu za ubongo na za idadi ya vidole kwa pamoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote haukutoka maabara bali malishoni. Katika miaka ya 1950 wafugaji wa Idaho, Marekani, walikuwa wakipata wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso na ubongo wa mbele usiogawanyika. Ikabainika kwamba kondoo jike waliokula mmea uitwao Veratrum californicum siku ya 14 ya mimba ndio waliozaa hivyo. Kiini cha sumu kiliitwa siklopamini, na miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba kinaifunga SMO. Uso na ubongo wa mbele vinahitaji SHH ili vigawanyike kulia na kushoto, na dirisha la kuiharibu kazi hiyo ni finyu mno.

Seli hujuaje kama iko mbele au nyuma ya ubongo?

Kanuni ya msingi: pasipo ishara ya nyuma, seli inabaki ya mbele. WNT huivuta kuelekea nyuma, FGF8 kutoka mpakani mwa ubongo wa kati na ubongo wa nyuma huchora eneo hilo, na asidi ya retinoiki hupanga ubongo wa nyuma na ugwe mgongo wa juu.

Maabara utaliona hili kwa CHIR99021, kemikali inayoiwasha njia ya WNT kwa kuzuia kimeng'enya GSK3. Usipoiweka, seli zinakwenda gamba la ubongo. Katika itifaki moja inayotumika sana, mikromola 0.4 hadi 0.8 hutoa ubongo wa kati, na mikromola 1 hadi 2 hutoa ubongo wa nyuma. Itifaki nyingine hutumia mikromola 3 kulenga ubongo wa kati huo huo, kwa seli na midia (maji ya kuoteshea seli) tofauti, kwa hiyo usinakili namba bila kunakili mazingira yake.

Kwa wajawazito hili lina upande wa vitendo. Vitamini A ya wanyama ikizidi, au dawa za chunusi za jamii ya isotretinoini, humwaga ishara ya retinoiki mahali pasipotakiwa. Isotretinoini hairuhusiwi kabisa wakati wa mimba, na vidonge vya vitamini A visizidi IU 10,000 kwa siku. Karoti na mchicha havina shida hii, maana mwili hubadilisha karotini kwa kadiri unavyohitaji.

Asidi ya foliki inaingia wapi katika haya yote?

Bamba la neva linajikunja na kufunga kuwa mrija kufikia takriban siku ya 28 baada ya utungisho, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Kujikunja huko kunategemea njia ya WNT inayozipanga seli zielekee upande mmoja, na panya wasio na jeni ya njia hiyo, VANGL2, hubaki na mrija wazi kwa sehemu kubwa. Foleti, vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake, inahitajika kutengeneza DNA na kuipachika alama za kemikali, na seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo za kwanza kuathirika ikipungua. Mrija usipofunga chini, matokeo ni mgongo wazi. Usipofunga juu, ubongo haukui na mtoto haishi.

Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki 12. Mama aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hili hupewa dozi kubwa zaidi, takriban mara kumi, kwa maelekezo ya daktari. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku zilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Tanzania iliweka sheria ya kurutubisha unga wa ngano mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012, lakini familia inayokula dona ya mashine ya mtaani haipati chochote kutoka kwenye mpango huo. Vidonge ndivyo vya kutegemea.

Anayetumia valproeti kwa kifafa ajue kwamba dawa hiyo inaongeza hatari ya mgongo wazi. Azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba. Kuiacha ghafla ni hatari kwake na kwa mtoto pia.

Na chumvi yenye madini joto?

Homoni ya tezi ya shingo, T3, ni ishara inayoingia hadi kwenye kiini na kuwasha jeni za ukuaji wa niuroni na za kuzifunika akzoni, nyuzi ndefu za niuroni, kwa mailini, utando wake wa mafuta. Tezi ya mtoto haijajitosheleza katika nusu ya kwanza ya mimba, hivyo homoni hutoka kwa mama, na mama anahitaji madini joto mikrogramu 250 kwa siku. Chumvi ikiachwa wazi kwenye unyevu na jua inayapoteza. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko.

Kwa nini seli zote zisigeuke niuroni mara moja?

Kwa sababu zingekwisha. Gamba la ubongo la panya hujengwa kati ya siku ya 11 na ya 17 ya mimba, na muda wote huo lazima zibaki seli tangulizi za kuzaa tabaka zinazofuata. Mlinzi wa akiba hiyo ni NOTCH.

NOTCH ni kipokezi kinachoguswa na seli jirani moja kwa moja. Seli inayoelekea kuwa niuroni hupandisha juu ya utando wake protini iitwayo DLL1. DLL1 ikishika NOTCH ya jirani, kimeng'enya gama-sekretasi hukata mkia wa NOTCH uliopo ndani, mkia unakwenda kwenye kiini, unaungana na RBPJ na kuwasha HES1 na HES5. Hizo nazo huzima jeni za uniuroni kama NEUROG2 na ASCL1. Kwa hiyo anayetangulia anawazuia walio pembeni yake.

Kuna jambo ambalo picha za vitabuni hulificha. Katika seli tangulizi, HES1 haikai imewaka. Inapanda na kushuka kila saa mbili hadi tatu kwa sababu protini yake huzima jeni yake yenyewe kisha inaoza haraka. NEUROG2 na DLL1 nazo hupanda pale HES1 inaposhuka. Seli inakuwa niuroni pale NEUROG2 inapokaa juu bila kushuka tena. Ukisaga seli milioni moja na kupima HES1, utapata wastani usiofanana na seli hata moja.

Ukifuta njia hii kwa panya, niuroni zinazaliwa mapema, chache, na akiba inakauka. Kwenye sahani ya maabara, DAPT, kizuizi cha gama-sekretasi, mikromola 10 hufanya hivyo hivyo kwa makusudi, na ndiyo maana hutumika kulazimisha kundi zima la seli likomae kwa pamoja.

Niuroni mpya hujuaje mahali pa kukaa?

Zile za kusisimua, yaani zinazoamsha niuroni nyingine, huzaliwa karibu na chemba za maji za ubongo, kisha hupanda kando ya nyuzi ndefu za glia radia, ambazo ni seli tangulizi za gamba. Zinazozaliwa kwanza hukaa tabaka za ndani, na zinazozaliwa baadaye huzipita na kukaa nje. Rilini, protini inayotolewa na seli za Cajal-Retzius zilizo juu kabisa ya gamba, ndiyo inayoratibu upandaji huo. Hushika vipokezi VLDLR na ApoER2, kisha ndani ya seli DAB1 huwekewa fosfeti. Panya wasio na rilini, waliojulikana tangu 1951 kwa mwendo wao wa kuyumba, wana tabaka zilizopinduka. Je, rilini inavuta au inasimamisha? Ushahidi upo wa pande zote mbili, na inaelekea inafanya yote kwa hatua tofauti.

Niuroni za kuzuia hazipandi hivyo. Huzaliwa chini, kwenye vimbe za ubongo wa mbele, na kusafiri kwa ubavu mwendo mrefu zikifuata protini ya ishara iitwayo CXCL12.

Mashine ya ndani ya seli ikiharibika, ishara nzuri haisaidii kitu. Hitilafu ya jeni ya LIS1 au ya DCX huzuia niuroni kusonga, na ubongo unabaki laini bila mikunjo. DCX iko kwenye kromosomu X. Kwa kawaida mvulana hupata ubongo laini, lakini msichana, ambaye nusu ya seli zake zinatumia nakala nzima, hupata gamba la pili chini ya lile la kawaida, na mara nyingi kifafa.

Akzoni inapataje njia?

Ncha yake ina kiganja kinachopapasa mazingira. Protini za ishara humwongoza: netrini-1 kupitia kipokezi DCC huvuta, Slit kupitia kipokezi ROBO hufukuza, semaforini hufukuza kwa sehemu kubwa, na efrini hupanga ramani, kwa mfano ya jicho kwenye ubongo. Akzoni inayovuka katikati ya ugwe mgongo lazima ivutwe kwanza, kisha ikishavuka ichukie palepale ilipopapenda, la sivyo ingerudi. ROBO3 huiweka isiisikie Slit hadi ivuke.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba netrini ya sakafuni ndiyo inayovuta kutoka mbali. Mwaka 2017 kazi za panya zilionyesha kwamba netrini iliyowekwa na seli tangulizi njiani ndiyo yenye uzito zaidi, kwa akzoni kuishikilia zinapopita. Vitabu vingi bado vina mchoro wa zamani.

Kwa binadamu, mabadiliko ya DCC huweza kuleta hali ambapo mkono wa kushoto hufuata kila unachofanya wa kulia. Mabadiliko ya ROBO3 huleta macho yasiyoweza kutazama pembeni, pamoja na mgongo kupinda.

Ni kweli kwamba nusu ya niuroni hufa?

Katika makundi kadhaa, ndiyo, hasa neva za pembeni na niuroni za mwendo. Zinashindania protini za kuziweka hai zinazotolewa na tishu zinazolengwa. NGF ilikuwa ya kwanza kujulikana, na ikawapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986. Watu wenye kipokezi chake, TrkA, kilichoharibika kwa kurithi hawasikii maumivu wala hawatoki jasho. Ndani ya ubongo wenyewe hesabu ni tofauti. Huko kiasi cha shughuli za umeme ndicho kinachoamua zaidi, na NGF haina nguvu ile.

Matokeo ya panya yanafaa kwa binadamu?

Njia ni zile zile. Ratiba na wingi wa seli sivyo. Binadamu ana niuroni takriban bilioni 86, bilioni 16 kati yake kwenye gamba, na hujenga gamba kwa miezi badala ya siku. Ana glia radia za nje nyingi mno, ambazo panya anazo chache. Ana pia jeni za NOTCH2NL, zisizopatikana kwa panya, zinazoongeza nguvu ya NOTCH na kuchelewesha seli tangulizi zisikomae. Dawa inayoonekana salama kwa panya isihesabiwe salama kwa mimba ya binadamu kwa msingi huo tu.

Naotesha niuroni za dopamini lakini napata mchanganyiko. Nianzie wapi?

Anza na CHIR99021. Ndiyo chanzo kinachopatikana mara nyingi kuliko vingine. Fanya ngazi ya dozi tano au sita kwa kila laini ya seli na kila toleo jipya la chupa, kisha siku ya 11 hadi 16 angalia jeni za alama. FOXG1 ikionekana, dozi ni ndogo na uko ubongo wa mbele. HOXA2 ikionekana, umezidisha na uko ubongo wa nyuma. OTX2, LMX1A na FOXA2 zikiwa pamoja umekaribia, lakini usishangilie: eneo la jirani linalozaa niuroni za sabthalamasi, kundi jingine la ubongo, nalo lina LMX1A na FOXA2. Tafuta EN1, na hakikisha BARHL1 haipo. Kuongeza FGF8 kuanzia siku ya 9 huzisukuma seli kuelekea upande sahihi.

Halafu angalia msongamano wa seli siku ya kwanza. Seli zenyewe hutoa WNT na BMP, hivyo sahani iliyojaa na sahani yenye mapengo zinapata ishara tofauti hata kama umemimina midia ile ile. Visima vya pembeni hukauka haraka na kukolea, kwa hiyo visitumike kulinganisha. Siku za ukomavu weka protini za kuziweka niuroni hai, BDNF na GDNF, nanogramu 20 kwa mililita kila moja, na ubadilishe nusu tu ya midia. Ukiimwaga yote unaondoa vitu ambavyo niuroni zimejitengenezea, na zinang'oka sahanini kwa mapande makubwa.

Nimeweka kizuizi na nikaona badiliko. Nitajuaje limetokana na njia niliyokusudia?

Pima kwanza kama njia yenyewe imezimika, kabla ya kuhesabu niuroni. Kwa SHH angalia GLI1 na PTCH1, kwa WNT AXIN2, kwa BMP ID1, kwa FGF SPRY, na kwa NOTCH HES5, ambayo husomeka kwa urahisi kuliko HES1. Zisiposhuka, dawa imeharibika au haijafika.

Visima vya kulinganishia viwekewe DMSO, kiyeyusho cha dawa, kiasi kile kile, isizidi asilimia 0.1, maana DMSO peke yake hubadilisha ukomavu wa seli. Tumia vizuizi viwili vyenye kemia tofauti. DAPT, kwa mfano, haizuii NOTCH bali gama-sekretasi, ambayo hukata pia protini nyingine kama N-kadherini na APP. Siklopamini ikizidi inaua seli kwa njia zisizohusu SMO. Mwisho jaribu kurudisha: washa njia katika hatua inayofuata baada ya mahali ulipozuia, kwa kuzipa seli GLI au mkia wa NOTCH. Niuroni zikirudi kama za mwanzo, umepata jibu. Zisiporudi, unachokiona ni sumu ya dawa, au kuna njia nyingine uliyoigusa bila kukusudia.